Kabla ya kusema "kunja kigari", uliza kama mtoto anabebeka

Ndugu Mhariri,

Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilikuwa Kimara Mwisho nikisukuma kigari chenye mjukuu wangu wa miaka mitano, tukienda hospitali kwenye mazoezi yake ya viungo. Mabasi mawili ya mwendokasi yalikuwa yameshaondoka yamejaa mpaka mlangoni. La tatu lilipofungua milango watu wakaanza kusukumana kama tulivyozoea, na gurudumu la mbele la kigari likatumbukia kwenye ule mwanya kati ya jukwaa na basi. Nimeinama nalinasua, nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yangu: "Mzee, kunja hilo toroli ubebe mtoto, watu tunachelewa kazini!" Mama mmoja aliyekuwa ameshaingia akaongeza: "Tena mtoto mwenyewe mkubwa hivyo. Si ashuke atembee?"

Mjukuu wangu hatembei. Ana mtindio wa ubongo. Shingo yake imeanza kukaza mwaka huu tu, na miguu hukakamaa ghafla kama mti. Mgongoni hakai. Bibi yake amejaribu mbeleko mara nyingi sana: mtoto akishtuka anajitupa nyuma kwa nguvu zote, na ana kilo 16. Nikimpakata nimekaa, inawezekana kwa muda mfupi. Nikimbeba nimesimama kwenye basi lililojaa, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umemshika yeye, basi likiyumba tunaanguka wote wawili. Kigari kile kina mikanda, na nimekiwekea mito miwili ya kumzuia asilale upande. Ndiyo miguu yake. Nilikinunua mtumba pale Karume kwa shilingi elfu sitini baada ya kuambiwa bei ya kiti mwendo cha kupimwa kwa mwili wake.

Sikuwajibu. Kijana mmoja mwenye begi la laptopu alikamata fremu kwa mbele, mimi nikakamata vishikio, tukaingia. Nimeandika barua hii kwa sababu nilikaa na maneno yale wiki nzima, na kadiri nilivyoyafikiria niliona kwamba yule bwana na yule mama si watu wabaya. Walichosema mimi nimekisema mara nyingi kuliko wao.

Nilikuwa konda wa daladala kuanzia mwaka 1988 hadi 2003. Nilianza njia ya Mwenge–Kariakoo, nikamalizia Mbagala. Nafahamu basi linavyojazwa, maana kujaza ndiyo ilikuwa kazi yangu. "Sogea nyuma, nyuma kweupe!" nikiwa najua kabisa nyuma hakuna hata pa kuweka kidole. Lakini konda alikuwa na kazi nyingine ambayo watu wengi hawaikumbuki. Alikuwa mpangaji. Mama akiingia na mtoto mgongoni na kapu mkononi, mimi ndiye niliyesema, "Kaka, mpishe mama," au kama siti hakuna, "Dada, mpokee mama mtoto." Na mtoto anapokelewa. Anapakatwa na mtu asiyemjua kutoka Mwenge mpaka Magomeni, mama yake amesimama hatua tatu mbele, na hakuna aliyeona ajabu. Kapu nalo linapita juu ya vichwa mpaka kwenye miguu ya mtu aliyekaa. Hata leo kwenye daladala mtu aliyesimama akikwambia "naomba unishikie" unapokea mzigo wake bila kumtazama usoni. Huo ni ustaarabu wa jiji hili na mimi najivunia kuwa niliusimamia.

Kwenye mwendokasi hakuna konda. Tiketi unakata nje, dereva yuko mbele kwenye chumba chake, milango inajifungua na kujifunga. Ni maendeleo, sikatai. Ila ile kazi ya kupanga nani akae wapi, nani apishwe, mzigo uende wapi, imebaki haina mwenyewe. Abiria mia na zaidi wamo ndani ya lile basi refu na kila mmoja anasubiri mwenzake aseme. Anayesema mwishowe ni yule aliyekasirika.

Nami niseme ukweli wangu. Mwaka 1996, jioni, kituo cha Mwenge, alikuja mama amembeba mvulana mgongoni. Mvulana alikuwa mkubwa, kama miaka kumi, miguu yake inaburuta karibu ya ardhi, mate yanamtoka. Nilimwona. Nilijua kumpandisha kutachukua dakika mbili, na nyuma yetu kulikuwa na gari nyingine ya njia ileile inatufukuzia abiria. Nikagonga bodi, "Twende suka!" Gari ikaondoka. Mama yule hakupiga kelele, aligeuka tu akarudi kwenye benchi. Sikumfikiria tena mpaka mjukuu wangu alipofikisha mwaka hajakaa, na daktari akatuambia jina la hali yake. Tangu siku hiyo namwona mama yule akilini karibu kila Jumanne.

Sasa, Mhariri, nina maneno kwa pande zote mbili, na nianze na sisi wenye vigari, maana tuna makosa yetu.

Vigari vimeongezeka mjini. Zamani ulikiona kwa nadra, leo mitumba imeleta vya kila aina na mama kijana anajisikia vizuri kumsukuma mwanawe. Sina ugomvi na hilo. Mtoto anapata kivuli, mgongo wa mama unapumzika. Lakini basi la saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni si mahali pa kusukuma mtoto mzima wa afya, mwenye miezi minane, ambaye mbeleko ingemtosha. Kigari kilichofunguliwa kinachukua nafasi ya watu watatu waliosimama. Kama mtoto wako anabebeka, kunja kigari kabla basi halijafika. Usisubiri milango ifunguke ndipo uanze kuhangaika na kile kidude cha kukunjia, na mtoto umempa mtu, na begi limeanguka. Mfunge mtoto mgongoni au umweke kifuani ukiwa bado umetulia kwenye jukwaa, kunja kigari, kisimamishe wima. Ukiingia kiweke mbele ya miguu yako. Kama ni msimu wa masika chukua mfuko wa sandarusi uvishe magurudumu, kwa sababu matope ya Jangwani kwenye sketi ya mtu anayekwenda ofisini yanaleta ugomvi wa haki kabisa. Kwenye Coaster ndiyo usifikirie vinginevyo: ngazi ni mbili, mlango mwembamba, ujia hauna upana wa kigari. Pale ni kukunja tu, na konda amwombe mtu wa siti ya mbele akishikilie.

Mama wa mapacha simsemi. Huyo watoto wawili hawezi kuwabeba wote na kukunja kigari kwa wakati mmoja, anahitaji mikono ya wengine.

Kuna kisa kilichonifanya niwe mkali kwenye hili. Miezi michache iliyopita nilikuwa narudi nyumbani jioni peke yangu, nimepandia Kivukoni. Dada mmoja alikuwa na kigari karibu na mlango, amekiweka kikingamizi, yaani ubavu wa kigari ndio umetazama mbele ya basi. Breki ya magurudumu hakuikanyaga. Kwenye vishikio amening'iniza mfuko wa vitu vya dukani, na mkanda wa mtoto ulikuwa unaning'inia pembeni haujafungwa. Simu mkononi. Kabla ya Magomeni dereva akafunga breki, sijui alikatizwa na pikipiki au mtu. Kigari kikalala ubavu, kikagonga bomba, na mtoto akatoka nusu. Aliyemdaka ni mama mmoja aliyekuwa anatoka Feri na ndoo yake ya samaki. Aliiachia ndoo, akamkamata mtoto mguu na kwapa. Samaki wakamwagika basi zima. Mtoto hakuumia. Yule dada alilia mpaka Ubungo, na kitu ambacho sitakisahau ni kwamba kanga ya mbeleko alikuwa nayo, ameizungusha begani.

Nimekaa mlangoni mwa magari miaka kumi na tano, kwa hiyo niruhusu nieleze jinsi mzigo unavyofanya kazi. Gari ikifunga breki, gari ndiyo inayosimama. Kilichomo ndani kinataka kuendelea na safari. Breki ya kigari inashika magurudumu peke yake, haimshiki mtoto wala haizuii fremu kupinduka. Kigari kikiwekwa kikingamizi ndipo kinapopinduka kirahisi kuliko vyote, kwa sababu upana wake ni mdogo kuliko urefu wake. Kikitazama mbele, mtoto anarushwa mbele na mkanda peke yake ndio unaomwokoa. Namna iliyo salama ni mtoto atazame nyuma ya basi, na mgongo wa kigari uegemee kitu kigumu: ukuta wa plastiki, nyuma ya siti, au bomba nene. Basi likisimama ghafla mtoto anakandamizwa kwenye kiegemeo chake, hatupwi popote. Kule London nafasi ya kiti mwendo ndani ya basi imewekwa vivyo hivyo, abiria anatazama nyuma na kuna ubao wenye mto mgongoni kwake.

Mfuko usining'inizwe kwenye vishikio. Ukiwa na mtoto mwepesi mfuko unakuwa mzito kumzidi, na kigari kinaangukia nyuma hata basi likiwa limesimama. Usiweke kigari pale kwenye mkunjo wa lile basi refu, mahali sakafu ni ya duara. Panaonekana pana nafasi, ndiyo maana watu wanapapenda, lakini sakafu ile inazunguka kila basi linapokata kona. Basi la Gerezani linapoingia Msimbazi pale Faya utaona mwenyewe miguu ya watu inavyokwenda upande mmoja na mabega upande mwingine. Gurudumu dogo la kigari halina pa kushika pale. Na wakati wa kuingia, kigari kiingie kwa magurudumu makubwa ya nyuma kwanza, wewe ukitangulia kinyumenyume huku mtu amekutazamia njia. Gurudumu dogo la mbele ndilo linaloingia kwenye mwanya, kama lilivyoniingilia mimi Jumanne. Nilijua na bado nilikosea kwa sababu ya kusukumwa.

Upande wa pili ni ninyi abiria wenzangu.

Mwendokasi ulipoanza kubeba watu Mei 2016 mimi nilikwenda kupanda siku za mwanzo kabisa, kwa udadisi wa mtu wa kazi. Kitu cha kwanza nilichokitazama si kiyoyozi wala mlango. Nilitazama sakafu. Jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi. Hakuna ngazi. Kutoka nje kuna mteremko wa kupandia, si vidato vitupu. Kwa kilomita 21 hivi za njia ile ya kwanza, Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, mtu wa magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa kama gunia. Miaka yote niliyokaa mlangoni mwa Hiace na DCM sikuwahi kuona gari ya abiria iliyotengenezwa kwa kumfikiria mtu wa namna hiyo. Mjukuu alipozaliwa sikujua kwamba mtu huyo ni yeye. Kabla hatujapata kigari tulikuwa tunakodi bajaji kwenda hospitali kwa mazoezi ya viungo, elfu thelathini kwenda na kurudi, na kuna miezi tulikwenda mara moja tu badala ya mara nne. Tangu tuanze mwendokasi hatujakosa. Ndiyo maana nasema shingo imeanza kukaza.

Lakini waliochora vituo wametengeneza sakafu tu. Nafasi wazi iliyo karibu na mlango wa katikati, ile ambayo imeachwa bila siti, sisi abiria ndio tunaoijaza. Asubuhi ukifika pale utakuta watu kumi wameegemea ukuta, kila mmoja na simu yake. Wana haki ya kusimama pale wakati hakuna mwenye kuhitaji. Akija mwenye magurudumu, pale ni pake. Wao wanaweza kusimama popote ndani ya basi, yeye hawezi.

Mpwa wangu anaishi Leeds, Uingereza. Nilipomsimulia haya kwenye simu akaniambia kwamba kwao jambo kama hili lilifika Mahakama ya Juu. Tarehe 24 Februari 2012 Bwana Doug Paulley, anayetumia kiti mwendo, alitaka kupanda basi Wetherby aende Leeds. Nafasi ya kiti mwendo ilikuwa imekaliwa na mama mwenye kigari, mtoto amelala ndani. Dereva alimwomba asogee, mama akasema kigari chake hakikunjiki. Bwana Paulley akasema basi atakunja kiti chake yeye akae siti ya kawaida, dereva akakataa kwa sababu kiti kile kisingeweza kufungwa na njia ilikuwa na kona. Akabaki kituoni, basi likaenda. Tarehe 18 Januari 2017 majaji saba walitoa hukumu: haitoshi dereva kuomba mara moja kisha akanyamaza. Akiona anayekataa hana sababu ya msingi, anapaswa kufikiria hatua zaidi, kwa mfano kusimamisha basi dakika kadhaa mpaka aone aibu.

Nimelifikiria sana shauri hilo kwa sababu ndani yake hakuna mtu mwovu. Mama ana mtoto aliyelala. Dereva ameuliza. Aliyeachwa ameachwa kwa upole. Hata mimi 1996 sikumtukana yule mama wa Mwenge. Na kwetu sheria hazikosekani: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inautaja usafiri kwa jina, kisha Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria haiwezi kuingia kwenye basi saa kumi na mbili asubuhi ikasema "kaka, mpishe." Hiyo ni kazi ya mdomo wa mtu.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache. Wahudumu wa vituoni, wale wanaosimama kwenye mageti, wapewe kazi ya kumpitisha mwenye kigari au kiti mwendo kabla milango haijazingirwa. Wakati mwingine wanafanya hivyo kwa moyo wao, na Mungu awabariki, lakini iwe kazi, si hisani. Ndani ya basi kuna spika inayotangaza kituo kinachofuata. Spika hiyohiyo itangaze pia kwamba nafasi ya katikati ni ya wenye magurudumu na wazazi wakunje vigari kama watoto wanabebeka. Alama ichorwe kwenye sakafu, kubwa, ya njano, maana alama ya ukutani inafichwa na migongo ya watu.

Na abiria, mkiona kigari, msianze na "kunja". Anzeni na swali: "Anabebeka?" Ni neno moja. Mama wa mtoto wa miezi minane atasema ndiyo, nanyi mtampokea mtoto kama tulivyokuwa tukipokeana kwenye daladala, na kigari kitakunjwa kwa mikono ya watu wanne badala ya mmoja. Mimi nitasema hapana, na sitalazimika kueleza ugonjwa wa mjukuu wangu mbele ya watu mia huku yeye akisikiliza. Maana anasikia. Hazungumzi, lakini anasikia kila kitu. Jumanne ile baada ya yule mama kusema "si ashuke atembee," alifumba macho na hakuyafumbua mpaka tulipofika.

Nimezungumza na mtaalamu wetu wa mazoezi, amekubali kutusogeza kwenye zamu ya saa nne. Kuanzia wiki ijayo tutakuwa tunapandia Kimara Mwisho baada ya saa mbili na nusu, wakati watu wa kazini wameshapungua. Kigari ni cha buluu, kina mito miwili ya maua. Tutakaa upande wa mlango wa katikati.

Konda mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam